Sauti Kutoka Vileleni: Redio Ndogo na Vilima vya Kyuso

Katika sehemu nyingi za Kyuso, Tseikuru na Ngomeni, mtu ambaye simu yake ya mkononi haishiki mtandao hafanyi shauri na mtu. Huiacha njia, hupanda kichuguu au mwamba ulio karibu, huinua mkono juu, na baada ya muda husikika akiuliza bei ya ndengu huko Mwingi, au habari za mgonjwa aliyelazwa Kitui. Watoto wa shule wanalijua jambo hili, na wachungaji wa mbuzi wanalijua zaidi. Walakini ni wachache wanaojua kwamba katika nchi nyingi za dunia wako watu walioufanya upandaji wa namna hii kuwa mchezo wenye kanuni zake, vyeti vyake na sifa zake. Watu hao hubeba redio ndogo mgongoni, hupanda mpaka kileleni, hutandaza waya juu ya mti mwembamba, kisha huzungumza na watu wa nchi za mbali pasipo mnara wa kampuni yoyote na pasipo kununua salio la shilingi hata moja.

Watu hawa huitwa wanaredio wa ridhaa. Neno ridhaa hapa lina maana ile ile ya mpira wa ridhaa, yaani mtu hufanya kwa kupenda na si kwa mshahara. Wazee waliosoma zamani watakumbuka jina la simu ya upepo, na kwa kweli jina hilo lilifaa sana. Redio ya ridhaa si redio ya kusikiliza nyimbo na habari, kama vile mtu anavyosikiliza Musyi FM akiwa shambani. Ni chombo cha kusema na kusikia, na kila anayekitumia ana leseni ya serikali yake na alama ya wito iliyo yake peke yake, ambayo haipewi mtu mwingine duniani. Alama za Kenya huanza na 5Z4. Kabla ya Uhuru wa 1963 zilianza na VQ4, za Tanganyika zilikuwa VQ3, za Uganda VQ5 na za Zanzibar VQ1. Siku zile waliokuwa na alama hizo walikuwa hasa Wazungu, na mwananchi aliyeiona redio ya namna hiyo aliiona kwa kupangusa vumbi lake tu. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya habari hizi zisienee vijijini, ingawa vijiji ndivyo vyenye vilima.

Mpango wa kupanda vilele kwa ajili ya redio ulianzishwa Uingereza tarehe 2 Machi 2002, na wanaredio wa dunia nzima huujua kwa herufi SOTA. Tangu hapo umeenea katika mabara yote. Kanuni zake si nyingi, lakini hufuatwa kwa makini. Kilele kinachohesabiwa sharti kiwe kimejitenga, yaani mtu akishuka kutoka hapo kwenda mlima mwingine ulio mrefu zaidi, awe ameshuka mita 150 angalau kabla ya kuanza kupanda tena. Katika nchi chache ambazo milima yake ni mifupi, mita 100 zinakubaliwa. Mpandaji hana ruhusa ya kufanya kazi ndani ya gari au karibu nalo. Mwendo wa mwisho lazima uwe wa nguvu zake mwenyewe, na mzigo wote aubebe yeye au wenzake. Umeme wa waya ni marufuku, na jenereta ya petroli ni marufuku pia. Betri na umeme wa jua ndizo zinazokubaliwa. Akisha kufika, lazima awe ndani ya mita 25 za kimo kutoka ncha ya kilele. Tena mazungumzo lazima yaende moja kwa moja kutoka redio hata redio, pasipo kupitia mtambo wa kurudia sauti uliowekwa na mtu mwingine mlimani.

Mpandaji akipata kuzungumza na mtu mmoja tu, kilele kimehesabiwa kuwa kimesikika. Lakini ili apate alama za kilele hicho, lazima azungumze na vituo 4 vilivyo mbalimbali. Hapo ndipo roho ya mtu inapojaribiwa. Mtu aweza kupanda saa tatu katika jua kali, akapata watu 3, betri ikafa, akashuka bila alama hata moja. Vilele vifupi huleta alama 1 na virefu huleta 10. Mwenye kukusanya alama 1,000 kwa kupanda hupewa cheti cha Mbuzi wa Mlimani. Wasomaji wa Kyuso, ambako mbuzi ni akiba na mahari, hawatalidharau jina hilo. Wako na wale wasiopanda, ambao hukaa nyumbani na kuwatafuta wapandaji redioni. Nao wakifikisha alama 1,000 hupewa jina la mnyama mmoja wa Marekani ya Kusini anayesifika kwa uvivu. Hilo nalo hulipokea kwa furaha.

Kwa nini kilima? Jibu lake kwa upande mmoja ni jambo la macho tu. Mnamo 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuja Kitui akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika pwani. Tarehe 3 Desemba mwaka ule, akiwa katika nchi ya Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Wataalamu fulani wa Ulaya, ambao hawajawahi kuiona hata mbuyu wa Ukambani, walikataa katakata kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kutoka Kitui mpaka mlima ule ni kilomita 150 hivi kwa mstari ulionyooka. Jicho la mtu mmoja, hewa ikiwa safi, lilipita juu ya bonde la Tana lote na kufika huko. Mawimbi mafupi sana ya redio, kama yale ya mita 2 ambayo wanaredio huyapenda vileleni, huenda karibu kama jicho linavyokwenda. Panapozuiliwa jicho, nayo aghalabu huzuiliwa; panapofika jicho, nayo hufika, hata kwa nguvu ndogo kuliko ya taa ya baiskeli.

Makarani wenye kupenda hesabu waweza kulipima jambo hili wenyewe. Chukua kimo cha eriali juu ya nchi tambarare kwa mita, utafute kipeuo chake cha pili, kisha uzidishe kwa 4.12, jibu ni kilomita ambazo mawimbi hayo yatakwenda kabla ya mviringo wa dunia kuyakatiza. Mtu aliyesimama uwanjani na eriali yenye kimo cha mita 4 atapata kilomita 8 na kidogo. Mtu yule yule, na redio ile ile, akisimama juu ya kilima kilichoinuka mita 400 juu ya nchi, atapata kilomita 82. Na ikiwa mwenzake naye yuko juu ya kilima, umbali wa huyu hujumlishwa na umbali wa yule. Redio haikuongezwa nguvu wala betri haikubadilishwa. Kilichoongezwa ni jasho la miguu, nalo halinunuliwi dukani.

Sasa msomaji autazame upande wa magharibi wa Kyuso. Huko imesimama milima ya Mumoni, ambayo kilele chake kinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na chini yake, upande wa pili, yapita maji ya Tana. Ng'ambo ya mto ni Tharaka, na nyuma ya Tharaka nchi hupanda na kupanda mpaka Mlima Kenya wenyewe. Mashariki na kaskazini nchi hushuka polepole kuelekea Garissa, kame, pana, yenye vichaka vya miiba na miamba michache inayochomoza kama migongo ya tembo. Mmoja wa miamba hiyo ni ule wa Ngomeni, ambao watu wameujengea ukuta ili mvua inyeshapo maji yateremke na kukusanywa. (Ngomeni hii isichanganywe na ile ya karibu na Malindi, ambako Waitalia walirusha vyombo vya anga kutoka baharini, pamoja na setilaiti iliyoitwa Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970.) Mtu aliyetaka kuichora nchi ifaayo kwa redio za vileleni asingeiweka mbali sana na hii: tambarare kubwa, na juu yake vilima vilivyojitenga, kila kimoja kikimwona mwenzake.

Kwa kuwa tarehe 12 Desemba imetajwa, yafaa kusema neno moja zaidi. Siku hiyo hiyo, mwaka 1901, Guglielmo Marconi alikuwa juu ya kilima kimoja katika kisiwa cha Newfoundland, ameinua waya wake kwa tiara kwa sababu upepo uliiangusha mipango yake mingine, akasema amesikia nukta 3 za herufi S zilizopigwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, kilomita 3,000 na zaidi. Na siku hiyo hiyo ya 1963, Kisoi Munyao, mwana wa Ukambani, aliipandisha bendera ya Kenya juu ya kilele cha Lenana. Hayana uhusiano haya mambo, ila yote matatu yalimtaka mtu apande au arushe kitu juu.

Jambo la Marconi linatupeleka kwenye upande wa pili, ambao ni mgumu kidogo. Kama mawimbi yote yangekwenda kama jicho, hakuna ambaye angesikika Ulaya kutoka Mumoni. Lakini juu ya dunia, kuanzia kilomita 100 hivi na kupita 300, yako matabaka ya hewa nyembamba ambayo jua huyatia chembe za umeme. Mawimbi ya mita 40, 20 na 15 yakifika huko hupindishwa na kurudi chini, mfano wa mwanga unaorudishwa na kioo. Mchana, mtu wa Kyuso akitandaza waya wa mita 40 usio juu sana, sauti yake itapanda karibu wima na kuteremka pande zote kama maji ya bomba lililopasuka, ikaanguka Nairobi, Machakos, Meru na Voi, hata mabondeni ambako jicho halifiki. Alasiri na jioni, mita 20 huweza kumfikisha Ulaya na Asia.

Kusema kweli, kwa mawimbi haya ya masafa marefu kilima si lazima kama kilivyo kwa yale ya mita 2. Faida yake kubwa ni utulivu. Mjini redio husikia kila uchafu wa umeme: chaja za bei rahisi, taa, televisheni, nyaya zilizolegea. Kileleni hakuna hayo. Sauti dhaifu kama mnong'ono, ambayo Nairobi ingezama kabisa, huko husikika wazi, na mwenye wati 5 hujibiwa na mwenye wati 5 wa bara jingine.

Kuhusu wakati, wanaredio wote duniani huandika saa moja, ambayo ni ile ya UTC, ili kitabu cha mtu wa Japani kilingane na cha mtu wa Brazili. Wengine huumiza kichwa sana kwa kugeuza saa. Waswahili wamepata bahati hapa, kwa kuwa mwenye kuhesabu saa za mchana kwa Kiswahili huongeza 3 tu. Saa tatu asubuhi ni saa 6 ya UTC. Saa kumi alasiri ni saa 13.

Vyombo vyenyewe si vingi, na vingine hutengenezwa nyumbani. Redio ndiyo yenye gharama, na haifai kumdanganya mtu kwamba ni rahisi: ile nzuri ya masafa marefu hugharimu kama ng'ombe na zaidi. Ndogo ya mkononi ya mita 2 ni nafuu kuliko simu nyingi zinazouzwa Mwingi. Betri ya volti 12 ya pikipiki, ambayo kila bodaboda anaijua, yatosha kuendesha redio ya wati 5 kwa saa kadhaa, maana hunywa umeme kweli kweli wakati wa kusema tu, na mwanaredio mwema husikiliza zaidi ya anavyosema. Paneli ndogo ya jua, kama zile zinazochaji simu madukani, huirudishia nguvu.

Eriali ya mita 20 ni waya wa kawaida wa shaba wenye urefu wa mita 10, uliokatwa katikati na kuunganishwa na waya wa redio hapo katikati, ili kila upande uwe na mita 5. Ile ya mita 40 ni mara mbili ya hiyo. Hesabu yake ni kugawanya 142.5 kwa masafa ya megahezi, na jibu ni mita. Katikati huinuliwa kwa ufito wa mita 6, na ncha hufungwa kwa kamba zikateremka pande mbili kama paa la nyumba. Kwa mita 2, mafundi wa nchi nyingi hukata futi ya chuma, ile ya kuvuta ya seremala, vipande vitatu vya urefu wa mita moja hivi, wakavifunga juu ya bomba la plastiki la maji. Chombo hicho hukunjwa na kutiwa mfukoni, kisha kileleni hujikunjua chenyewe, na huelekeza nguvu zote upande mmoja kama vile tochi inavyoelekeza mwanga. Kijana wa shule ya sekondari aweza kukitengeneza kwa siku moja.

Palipo pagumu si ufundi bali ni watu, na hapa yafaa kusema polepole. Mtu asiyejulikana akionekana juu ya mlima na waya, betri na kipaza sauti, akisema lugha ya herufi na tarakimu, watu wa chini watamdhania nini? Sehemu za Tseikuru na Ngomeni zimewahi kupatwa na mapigano kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia, na watu wamekufa. Mwenye nyumba iliyokwisha kuchomwa moto hana sababu ya kumcheka mgeni mwenye redio. Basi mpandaji huanza kwa chifu na naibu wake, huonyesha leseni, hutaja siku na saa, na kama mlima ni msitu wa serikali humwona mlinzi wa msitu. Akienda na kijana wa kijiji kile kile, mambo huwa mepesi zaidi, kwani swali litakaloulizwa kwa Kikamba litajibiwa kwa Kikamba.

Yako na mengine. Vilimani mahali pengi Ukambani pana ithembo, pahali pa sala za wazee, ambapo mvua iliombwa na pengine huombwa hata leo, na mtini ulioko hapo si mti wa kufungia waya. Ajuaye hilo huuliza kabla hajarusha kamba. Vile vile miti mingi ya nchi hii ina mizinga ya nyuki, na jiwe lililofungwa kamba likiupiga mzinga, mchezo wa redio umekwisha kwa siku hiyo na huenda kwa juma zima. Zaidi ya yote ni radi. Novemba, mvua kubwa za Kitui zinapokuja, mtu aliyesimama juu ya kilima kitupu na ufito wa mita 6 mkononi ameiita radi kwa jina lake. Wingu jeusi likionekana, hata likiwa bado liko Tharaka, waya hushushwa na mtu hushuka, awe amepata vituo 3 au 30.

Na leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kurusha sauti bila leseni ni kosa la jinai, hata kama mtu anarusha salamu tu, kwa sababu masafa ya jirani huenda yakawa ya ndege au ya polisi. Zamani kila mwanaredio aliyetaka masafa marefu alilazimishwa na mapatano ya dunia kujua Morse. Sharti hilo la dunia liliondolewa mwaka 2003, ingawa wengi huipenda bado kwa kuwa hupenya mahali ambapo sauti ya mtu hushindwa. Wanaredio wa Kenya wana chama chao, kinachojulikana kwa herufi ARSK, ambacho ni mwanachama wa umoja wa dunia ulioanzishwa Paris mwaka 1925. Mwanaredio hana ruhusa ya kufanya biashara redioni, kupokea malipo kwa ujumbe, wala kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe.

Msomaji aweza kuuliza: baada ya gharama hiyo yote na jasho hilo lote, kumfikishia mtu wa Ulaya salamu na alama ya wito, kuna faida gani kwa mkulima wa Kyuso? Swali ni la haki.

Desemba 2004 kikundi cha wanaredio wa India, kikiongozwa na Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman. Walikwenda kwa mchezo tu, kwani visiwa vile havikuwa vimesikika redioni kwa miaka mingi, na wanaredio wa dunia walikuwa wakipanga foleni kuzungumza nao. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ilitetemeka, na bahari ikaja juu ya nchi. Wimbi lile lile lilivuka Bahari ya Hindi likafika hata pwani ya Somalia na Kenya. Huko Andaman simu zilikatika. Bharathi na wenzake wakaacha mchezo saa ile ile, wakageuza redio zao kuwa njia ya serikali na ya watu: nani yu hai, nani anatafutwa, wapi panatakiwa dawa. Hawakufundishwa siku hiyo. Waya zao zilikuwa zimekwisha kutandazwa, betri zao zimekwisha kujazwa, na masikio yao yalikuwa yamezoea kuokota sauti dhaifu katika kelele.

Kitui haina bahari, lakini ina mito ya mchanga. Mito hii hulala mikavu miezi mingi, watu wakichimba visima ndani yake na kupakia mchanga kwenye malori, kisha mvua ikinyesha vilimani maji huja kwa ghafla kutoka mahali ambapo aliye kivukoni hapaoni. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilichukuliwa na mto Enziu, katika njia ya Mwingi kwenda Nuu, na watu zaidi ya 30 walikufa. Haifai kusema kwamba redio ingewaokoa. Maji yalikuwa yanaonekana, na waliokuwa kando walipiga kelele. Walakini mafuriko yaja na minara ya simu huzimika, betri zake huisha, barabara hukatika, na chifu wa upande huu hajui habari za chifu wa upande ule. Katika saa kama hizo watu 3 au 4 wenye leseni, waliozoea kupanda vilima vyao kwa mchezo, wanaojua kwamba kutoka mwamba huu Mumoni hupatikana na kutoka ule haupatikani, wana thamani ambayo haiwezi kununuliwa siku yenyewe ya msiba. Ujuzi wa aina hiyo hupatikana Jumamosi moja baada ya nyingine, kwa kupanda na kukosea na kupanda tena.

Mwalimu au karani ambaye moyo wake umevutwa hana haja ya kuanza na mlima, wala na matumizi makubwa. Redio ya kawaida ya masafa mafupi, iwezayo kupokea Morse, yatosha kumfundisha kusikiliza. Upo mtandao wa vituo 18 vya wanaredio vilivyopangwa duniani, vinavyopokezana zamu usiku na mchana kwenye megahezi 14.100 na masafa mengine manne. Kila kimoja hupewa sekunde 10 katika kila dakika 3. Hupiga alama yake ya wito, kisha mlio mrefu wa wati 100, kisha wa wati 10, kisha wa wati 1, kisha wa sehemu moja ya kumi ya wati. Kenya ina nafasi yake katika orodha hiyo, kwa alama 5Z4B, baada ya ile ya Afrika ya Kusini. Msikilizaji akiketi mbele ya nyumba yake huko Kyuso jioni, na kalamu na saa mkononi, ataweza kuandika ni nchi zipi zinafika na zipi hazifiki, na kama kutoka Sri Lanka au Finland amesikia mlio mmoja tu, au miwili, au yote minne. Akisha kuandika kwa mwezi mmoja, achukue redio ile ile na daftari lile lile, apande mwamba ulio karibu kwa saa ile ile ya jioni, ahesabu milio tena.